Redio ya valvu na transmita ya wati 100 kwenye ua mmoja

Swali: Shikamoo fundi. Niko Columbus, Ohio, na nina leseni ya redio ya ridhaa. Mwezi wa tano nilinunua Hallicrafters SX-28 kwenye maonyesho ya Xenia, nayo inafanya kazi vizuri. Nataka kuisikiliza kwa waya wake mrefu, huku redio yangu ya kisasa ya wati 100 ikitumia daipoli ya mita 40. Antena hizi mbili zimeachana kama mita kumi na mbili tu. Rafiki mmoja ananiambia nifunge dayodi mbili za 1N4148 kwenye antena kisha nilale usingizi. Mwingine anasema valvu haifi, nisijisumbue. Tena kuna stesheni ya MW (mawimbi ya kati) jirani inayosikika hata mahali isipopaswa. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera. SX-28 ilitoka mwaka 1940, ina valvu 15, inashika kuanzia kHz 550 hadi MHz 43 kwa bendi sita, na ina uzito wa zaidi ya kilo 30. Kama uliibeba mwenyewe hadi kwenye gari, pole pia. Rafiki zako wote wawili wamesema ukweli nusunusu. Nianze na huyu wa valvu, maana ushauri wake ndio unaoweza kukugharimu.

Kuhusu valvu yenyewe hajakosea. Ya kwanza kupokea mawimbi mle ndani ni 6AB7. Isukumie gridi yake, yaani mguu wa kuingizia mawimbi, volti kumi za mawimbi, na itakachofanya ni kuvuta mkondo kidogo wa gridi. Laini ya AVC, ile inayoipunguzia redio nguvu stesheni inapokuwa kubwa, itajaa volti hasi, redio itakuwa kiziwi kwa sekunde moja au mbili, kisha itazinduka kama hakuna lililotokea. Transista ya mbele ya redio ya miaka ya 1970 ingekwisha papo hapo.

Ila kabla mawimbi hayajafika kwenye gridi yanapita kwenye koili ya antena. Koili hiyo ina sehemu mbili: moja iko upande wa gridi na inaenda pamoja na kapasita ya kutafutia stesheni, nyingine inashika antena kutoka kwenye skrubu za A1, A2 na G nyuma ya chasisi. Hii ya upande wa antena katika redio za enzi hizo mara nyingi ni waya mwembamba kama unywele, umezungushwa juu au pembeni ya mwenzake, na kila bendi ina ya kwake. Waya huo sasa una zaidi ya miaka themanini. Mahali ambapo nta imepasuka au jasho la mkono wa fundi wa zamani limegusa, kutu ya kijani imeshaula nusu. Wati chache zikipita hapo ndipo panapokatika. Na hakuna duka linalokuuzia koili ya antena ya SX-28. Valvu 6AB7 utaipata kwa bei ya chakula cha mchana, lakini koili utaizungusha wewe mwenyewe, ukihesabu mizunguko ya ile ya zamani huku ukiifumua kwa kibanio chini ya lenzi.

Dalili yake inapotosha watu wengi. Redio haifi yote. Inakuwa kiziwi kwenye bendi moja tu, ile uliyokuwa umeiweka siku ya balaa, na bendi nyingine tano zinaimba. Mwenye redio anahangaika na valvu, anabadilisha kapasita, anapangilia upya koili zote, na tatizo liko kwenye waya mmoja uliokatika sentimita mbili kutoka kwenye skrubu ya antena.

Sasa kuna mtego ambao hata watu wenye leseni ya miaka mingi huingia. SX-28 ina swichi ya SEND na REC mbele. Wengi wanadhani wakiiweka SEND redio imejikinga. Haijajikinga. Swichi ile huzinyamazisha valvu ili usisikie kelele ya transmita yako, lakini antena bado imeungwa na koili vilevile. Inakinga masikio yako tu. Hata ukiizima redio kabisa na kuchomoa plagi ukutani, koili ingali inakula kila kinachokuja na waya. Kwa hiyo mtu anayesema "nilikuwa nimeizima, imeunguaje?" hasemi uongo.

Kabla hujanunua chochote, pima mambo mawili.

La kwanza ni koili zenyewe, ujue unaanza na nini. Chomoa plagi ukutani, ondoa antena, fungua kile kipande cha waya kinachounganisha A2 na G. Weka multimita kwenye ohm ndogo, ncha moja A1, nyingine A2, kisha zungusha swichi ya bendi hatua kwa hatua na uandike kila namba. Bendi za chini zitakuwa na ohm nyingi kidogo, za juu zitakaribia sufuri. Ukikuta bendi isiyosoma kabisa, usilie kwanza: zungusha swichi ya bendi huku na huku mara kadhaa, tia dawa ya kontakti, pima tena, kwa sababu kontakti chafu hudanganya. Ikiendelea kukataa ndipo ujue koili imekatika, pengine tangu kabla hujazaliwa. Wenye redio za aina nyingine wanaosoma hapa wakumbuke kwamba baadhi yake zina kapasita mfululizo na antena, na hizo multimita haitasoma kitu hata kama koili ni nzima. Karatasi ya namba hizo ibandike ndani ya kifuniko. Siku bendi ikinyamaza utajua kwa dakika moja kama ni koili.

La pili ni nguvu inayofika kweli kutoka kwenye daipoli hadi kwenye waya wako. Hapa ndipo watu wanapobishana miaka bila kupima. Tufanye hesabu ya mezani kwanza. Antena mbili kwenye kiwanja kimoja, bendi moja, mara nyingi hupungukiana kati ya desibeli 15 na 30. Chukua 20: wati 100 zinakuwa wati 1 kwenye mlango wa redio, yaani volti 7 kwenye ohm 50. Chukua 30: ni milliwati 100, volti 2.2. Sasa kumbuka kwamba S9, mawimbi ambayo tunayaita makubwa, ni mikrovolti 50. Unaona umbali ulivyo.

Kupima kwenyewe hakuhitaji maabara. Chukua rezista mbili za kaboni za ohm 100, wati 1 kila moja, uziunge sambamba. Umepata ohm 50. Zifunge mwisho wa koaksi (kebo ya antena) inayotoka kwenye waya wako mrefu, mahali ambapo redio ingekaa. Juu ya rezista hizo unga dayodi ya jerimani, 1N34A, na upande wa pili wa dayodi weka kapasita ya nanofaradi 10 kwenda ethi (ardhi). Multimita ya kidijitali isome volti za DC juu ya kapasita hiyo. SX-28 iwe mbali, haijaungwa na kitu. Weka transmita kwenye wati 5, tuma mawimbi matupu sekunde chache mahali pasipo na mtu, usisahau kutaja alama yako ya kituo, na usome mita.

Tuseme mita imesoma volti 1.0. Ongeza 0.3 inayoliwa na dayodi: volti 1.3 za kilele. Kutoka wati 5 hadi 100 nguvu inaongezeka mara 20, lakini volti zinaongezeka kwa kipeuo cha pili cha 20, yaani mara 4.5 hivi. Kwa wati 100 utakuwa na volti 5.8 za kilele. Zizidishe kwa zenyewe, gawanya kwa 100, unapata wati 0.34. Theluthi moja ya wati, mara elfu themanini ya volti za S9, inaingia kwenye waya wa mwaka 1940. Fanya hivyo kwa kila bendi unayotumia kutuma, kwa sababu waya mrefu una tabia zake: kwenye mita 40 unaweza kupata kidogo, mita 20 ukakuta ndiyo inaupenda.

Kwa kipimo changu mimi, chini ya milliwati 10, yaani volti 1 ya kilele transmita ikiwa wazi kabisa, koili haina shida, na hata rilei (swichi inayovutwa na umeme) unaifunga kwa ajili ya ustaarabu. Kati ya hapo na nusu wati, rilei ni lazima na kinga ya pili iwepo. Ikizidi nusu wati, usianze kununua vifaa, hamisha waya. Uugeuze ukae pembe mraba na daipoli, ncha yake ikimbie kutoka kwenye ncha za daipoli, kisha pima tena. Kazi hiyo ya jioni moja, isiyogharimu senti, inaweza kukupa nafuu kuliko kisanduku chochote cha dukani. Na ukiwa na ndoto ya kuongeza amplifaya siku moja, hesabu ifanye ya amplifaya, si ya leo.

Kuna njia ya mkato niitaje hapa, kwa sababu wengi hawajui wanayo. Angalia nyuma ya redio yako ya kisasa. Baadhi zina soketi inayotoa antena ya kupokelea, iliyowekwa ili watu waweke vichujio vya nje. Soketi hiyo iko nyuma ya rilei ya ndani, kwa hiyo unapobonyeza maiki inakatwa na mtengenezaji mwenyewe. Ukiipeleka kwenye SX-28, antena moja inatosha, na waya mrefu unabaki wa kusikilizia MW usiku. Soma kitabu chake kwanza, maana muundo hutofautiana.

Kama haina, tunarudi kwenye rilei, na hii ndiyo kinga ya kweli. Zamani, mtu alipokuwa na transmita kwenye meza na risiva pembeni yake, rilei ya kubadilisha antena haikuwa anasa; hakukuwa na kituo bila hiyo, au angalau swichi ya kisu ukutani. Tulipoanza kuuziwa redio zenye vyote viwili ndani ya sanduku moja, tukasahau kwamba kuna kitu mle ndani kinafanya kazi hiyo kwa niaba yetu.

Tumia rilei ndogo ya volti 12 yenye jozi mbili za kontakti, ndani ya kisanduku cha alumini, waya za ndani ziwe fupi kabisa. Jozi ya kwanza ipokee antena, ya pili ipokee mlango wa SX-28. Rilei ikivuta, jozi hizo mbili zinakutana na unasikia. Rilei ikiachia, antena inabaki hewani haijaungwa na kitu, na mlango wa redio unagusishwa ethi. Kukata tu hakutoshi: kati ya kontakti zilizo wazi kuna pikofaradi moja au mbili, na kwenye mita 10 hizo ni njia. Kukata pamoja na kuweka ethi ndiko kunakomaliza mambo.

Zingatia nilivyosema: rilei ivute wakati wa kusikiliza, iachie wakati wa kutuma. Wengi hufanya kinyume kwa sababu ni rahisi kuunga. Lakini ukifanya kinyume, siku adapta ya volti 12 imekufa, au mtoto kachomoa soketi achaji simu, redio yako iko uchi na wewe hujui. Ukifuata mpangilio wangu, umeme ukikatika redio inakuwa kiziwi na kinga inabaki. Kiziwi utamgundua mara moja.

Tatizo ni kwamba laini ya kuendeshea amplifaya, nyuma ya redio yako ya kisasa, hushuka hadi ethi unapotuma, na sisi tunataka rilei iachie wakati huo. Transista moja inageuza mambo. Chukua 2N2222A, emita kwenye ethi, kolekta kwenye koili ya rilei, upande wa pili wa koili kwenye volti 12. Rezista ya kilo-ohm 4.7 itoke volti 12 hadi kwenye besi. Laini ya amplifaya iunge na besi hiyohiyo. Unaposikiliza, besi inapata mkondo na rilei inavuta. Unapobonyeza maiki, laini inaivuta besi hadi ethi, transista inalala, rilei inaachia. Uzuri wake ni kwamba laini ya redio yako inabeba milliampea mbili na nusu tu, wala haigusi koili ya rilei. Nimeona redio za bei mbaya zilizounguzwa transista ya laini hiyo kwa sababu mtu alifunga rilei kubwa moja kwa moja.

Sasa ile dayodi ambayo kila mchoro unaiweka sambamba na koili ya rilei ili kuzuia msukumo wa volti. Iweke, lakini si peke yake. Dayodi peke yake huruhusu mkondo uendelee kuzunguka ndani ya koili, na rilei inachelewa kuachia kwa milisekunde kadhaa, wakati ambao sisi ndio tunaouhitaji. Weka 1N4007 mfululizo na zena ya volti 12, zikitazamana. Kolekta itaona volti 25 hivi, 2N2222A inahimili 40, na rilei inaachia upesi. Kisha ingia kwenye menyu ya redio ya kisasa, tafuta mahali pa kuchelewesha mawimbi baada ya laini ya amplifaya kushuka, weka milisekunde 15 au 20. Kwa Morse, achana na ile namna ya kusikiliza katikati ya nukta. Rilei itapiga kelele na siku moja itachelewa.

Kinachobaki ni hatari ambayo rilei haiioni: waya wa laini ukikatika, transista itabaki macho na rilei itabaki imevuta huku unatuma. Hapo ndipo dayodi za rafiki yako zinapopata kazi, zikiwa kinga ya pili nyuma ya rilei. Na hazifai kukaa peke yake. Dayodi inapoanza kupitisha inakuwa kama imeshonwa ethi, na mkondo wote unapita humo; kwa wati 1 kwenye mlango, chanzo cha ohm 50 kitasukuma karibu ampea 0.28. 1N4148 haitakaa muda mrefu na hiyo.

Dawa ni balbu. Chukua ile balbu ndogo ya daili, namba 47, ya volti 6.3 na milliampea 150. Ikiwa baridi ina ohm nne au tano tu, na mawimbi ya kawaida hayaioni. Ikiwaka inapanda hadi ohm 42. Iweke mfululizo kati ya rilei na dayodi. Mawimbi yakizidi, dayodi zinapitisha, balbu inawaka na kujiongezea ukinzani, mkondo unashuka. Yakizidi mno inakatika, na umepoteza balbu badala ya koili. Itobolee shimo dogo kwenye kisanduku uione: ikimulika unapotuma, jua rilei yako haikufanya kazi. Hakuna mita itakayokuambia upesi kuliko hiyo.

Siku redio ikinyamaza ghafla baada ya tukio kama hilo, anza na kisanduku kabla hujafungua SX-28. Dayodi ndogo zikifa, mara nyingi hufa kwa kujishona, yaani zinabaki zimepitisha daima, na kisanduku kinakuwa kimeziba mawimbi yote. Chomoa, unga antena moja kwa moja, sikiliza. Mara nyingi utacheka kwa furaha.

Kuhusu aina: 1N4148 inafaa kwa sababu ni ya haraka na ina pikofaradi chache. Usiweke 1N4007 hapa. Inafaa kwa rilei na kwa umeme wa ukutani, lakini kwenye mawimbi ya redio ni nzito, haiwahi kukata kilele.

Tukifika hapa tunakutana na stesheni yako ya MW, na ndiyo sababu sikubali ushauri wa "funga dayodi ulale". Dayodi mbili zilizotazamana huanza kupitisha kwenye volti 0.6 za kilele, na zinaanza kupinda mawimbi mapema kabla ya hapo. Waya mrefu karibu na mnara wa MW unaweza kukuletea sehemu kubwa ya volti hiyo bila wewe kutuma chochote. Kitu kinachopinda mawimbi huyachanganya. Chukua kHz 610 na 1230: jumla yake ni 1840, katikati ya bendi ya mita 160. Chukua 920 ijidublishe: 1840 tena. Utasikia watangazaji wawili wakizungumza pamoja mahali ambapo hakuna stesheni, na utailaumu SX-28 wakati chanzo ni kinga yako mwenyewe.

Kwanza basi jua kama mchanganyiko unazaliwa kwenye dayodi, ndani ya redio, au nje kabisa kwenye uzio wa chuma wenye kutu wa jirani. Toa dayodi, sikiliza. Sauti zile zikitoweka, chanzo kilikuwa dayodi. Zikibaki, weka kipunguzi cha desibeli 10 kati ya antena na redio: rezista ya ohm 68 mfululizo, na ya ohm 100 kwenda ethi kila upande wake. Stesheni ya kweli itashuka desibeli 10. Stesheni ya mchanganyiko iliyozaliwa ndani ya redio itashuka 20 au 30, mara nyingi itapotea kabisa. Isiposhuka zaidi ya 10, inazaliwa nje, na hapo kazi ni ya kutafuta chuma chenye kutu.

Dayodi ziweke mbilimbili mfululizo kila upande, jumla nne. Zitaanza kupitisha kwenye volti 1.2, ambayo ni milliwati 14 hivi, bado ndogo kwa koili. Na kabla yake weka kichujio cha kuzuia MW. Huu hapa mchoro mmoja ninaoupenda kwa sababu hauna siri: kapasita ya pikofaradi 1800 mfululizo, kisha koili kwenda ethi, kisha pikofaradi 940 mfululizo (mbili za 470 sambamba), kisha koili nyingine kwenda ethi, kisha 1800 tena. Koili kila moja ni mikrohenri 2.3: mizunguko 22 kwenye pete nyekundu ya T50-2. Kapasita ziwe za maika au za seramiki aina ya NP0; seramiki za bei rahisi hubadilika na joto na zenyewe huchanganya mawimbi. Kikomo chake kiko karibu na MHz 1.7. Kwa hesabu ya kitabuni, kHz 610 inapungua zaidi ya desibeli 50, kHz 1230 karibu 24, huku mita 80 na kwenda juu zikipita kama hakuna kitu. Mwanzo wa mita 160 utaumia kidogo, kwa sababu uko mlangoni mwa kikomo. Kama jirani yako ni mmoja tu na yuko juu ya kHz 1400, kichujio hiki peke yake hakitamtosha. Mwongezee mtego wake: koili na kapasita mfululizo kutoka antena kwenda ethi, zimepangwa kwenye masafa yake hasa. Kwa mfano, mikrohenri 100 na pikofaradi 253 hukutana kwenye MHz 1 kamili. Kwa masafa ya juu zaidi unapunguza kapasita, na kapasita ya kuzungusha kutoka redio mbovu inafaa mno.

Weka swichi ya kukipita kichujio. SX-28 ina 6V6 mbili za sauti zikifanya kazi kwa kupokezana, na mpira ukitangazwa kwenye MW usiku kwa spika nzuri, hutataka kuwa umejifungia nje.

Mpangilio wote basi, kuanzia antena: rezista ya kilo-ohm 47 kwenda ethi ili kumwaga umeme tuli (huko kwenu theluji kavu ikipeperuka inachaji waya vizuri tu), tyubu ya gesi ya volti 90 sambamba nayo, kichujio, rilei, balbu, dayodi nne, redio. Ile tyubu ya gesi usiitegemee kwa transmita yako, maana inaamka volti zikiwa zimeshafanya uharibifu; iko hapo kwa ajili ya msukumo wa radi ya mbali. Kwa radi ya karibu hakuna kisanduku. Chomoa koaksi na uitupe nje ya dirisha.

Mlango wa SX-28 haukutengenezwa kwa koaksi ya ohm 50. Unataka ohm mia kadhaa. Unga waya wa kati wa koaksi kwenye A1, ganda kwenye A2 na G zikiwa zimeunganishwa, na usihangaike. Unapoteza kidogo, lakini kwenye mita 40 usiku kelele ya anga ni kubwa kiasi kwamba hutaona tofauti. Kwa ajili hiyohiyo, kile kipunguzi cha desibeli 10 unaweza kukiacha hapo usiku kucha. Kwa SSB (sauti inayotumwa kwa upande mmoja tu wa mawimbi) na Morse zima AVC, fungua kitasa cha sauti, kisha endesha redio kwa kitasa cha nguvu ya RF. Kisisimuzi cha BFO, kile kinachozalisha mawimbi ya ndani ili SSB na Morse zisikike, katika redio za enzi hizo ni kidogo. Ukiiachia RF wazi, stesheni kubwa itasikika kama bata hata kama hakuna kilichoharibika.

Onyo moja kwa wasomaji wenye Hallicrafters S-38, ndugu mdogo wa redio hii. Hiyo haina transfoma ya umeme. Chasisi yake inaweza kuwa na umeme wa ukutani kutegemea plagi ilivyoingia. Usiunge ethi ya kisanduku hiki moja kwa moja na chasisi yake. Tumia transfoma ya kutenganisha ya 1:1 kati ya ukuta na redio, au usiiguse. SX-28 ina transfoma, lakini waya wake wa umeme kama bado ni ule wa pini mbili wa asili, badilisha uweke wa pini tatu na fyuzi kabla ya kuanza kuunga visanduku vyenye ethi.

Anza na kupima koili. Ukipata bendi isiyosoma hata baada ya kusafisha swichi, niandikie ni ipi na kama waya wa nje unaonekana umekatika kwenye mguu au katikati. Kwenye mguu ni kazi ya solda ya dakika tano. Katikati nitakuandikia jinsi ya kuizungusha upya.